Kidung'ata wa Mpapai: Mdudu Mdogo Anayeshindwa kwa Subira Kuliko kwa Sumu

Na Mwandishi Wetu

Mkulima anayekuta matunda ya mpapai wake yamefunikwa na utando mweupe unaofanana na pamba, kwa kawaida huchukua hatua moja ya haraka: huenda kwenye duka la pembejeo, hununua kiuatilifu na kupulizia shamba zima. Uamuzi huo unaeleweka, kwa kuwa kila siku inayopita humpunguzia mavuno. Hata hivyo, kwa mdudu anayesababisha utando huo, upuliziaji wa haraka na wa mara kwa mara ndio unaoweza kurefusha tatizo, kuongeza gharama na kuwaua wadudu rafiki ambao wangemsaidia mkulima bila malipo.

Mdudu huyo ni kidung'ata wa mpapai, ambaye kwa jina la kisayansi huitwa Paracoccus marginatus. Ni miongoni mwa wadudu wafyonzaji, kundi linalojumuisha pia inzi weupe na vidukari, ambao hawatafuni majani bali hunyonya majimaji ya mmea. Katika Afrika Mashariki mdudu huyu alithibitishwa kuwapo katikati ya muongo wa 2010, Tanzania na Kenya zikiwa miongoni mwa nchi alizoingia. Makala hii inaeleza namna ya kumtambua, sababu ya viuatilifu kushindwa kumdhibiti, na wajibu wa mkulima, mfanyabiashara na mlaji katika kupambana naye.

Namna ya kumtambua

Jike aliyekomaa ana mwili wa rangi ya njano uliofunikwa na unga mweupe wa nta. Urefu wake ni takriban milimita 2, na hana mabawa. Hutaga mayai ndani ya mfuko mweupe wa nyuzi za nta unaojitokeza nyuma ya mwili wake, na mfuko huo waweza kuwa mrefu mara tatu hadi nne kuliko yeye mwenyewe. Mkulima anapoona kitu kama pamba juu ya tunda, sehemu kubwa ya anachokiona ni mifuko hiyo ya mayai. Dume ni mdogo zaidi, mwenye rangi ya waridi na mabawa. Huishi muda mfupi, na kazi yake ni kujamiiana tu.

Kwa kawaida jike mmoja hutaga mayai kati ya 100 na 600. Mayai huanguliwa baada ya siku 10 hivi, na watoto wanaotoka hutambaa wakitafuta mahali laini pa kuchomeka mdomo. Hiyo ndiyo hatua ambayo mdudu husambaa zaidi, kwa sababu watoto hao ni wepesi kiasi cha kupeperushwa na upepo au kunasa kwenye nguo, vikapu na zana za shambani. Katika mazingira ya joto, kizazi kimoja hukamilika kwa takriban mwezi mmoja.

Hesabu rahisi inaonyesha uzito wa jambo hili. Tuchukulie kwa mfano kwamba jike mmoja ametaga mayai 300, kwamba ni mtoto mmoja tu kati ya kumi anayefikia utu uzima, na kwamba nusu ya wanaofikia ni majike. Mwezi wa kwanza kutakuwa na majike 15. Mwezi wa pili watakuwa 225. Na mwezi wa tatu watazidi 3,300. Ndiyo maana shamba lililoonekana salama wakati wa kupalilia laweza kuwa limegeuka jeupe ifikapo wakati wa kuvuna.

Dalili za awali huonekana upande wa chini wa majani, kando ya mishipa ya jani, na kwenye machipukizi machanga. Majani hugeuka njano, hujikunja na kudondoka. Maua hupukutika, na matunda machanga hudumaa au huanguka. Katika hali mbaya, tunda lote hufunikwa na tabaka nene la nta nyeupe na mti hukauka.

Zipo dalili nyingine mbili ambazo mkulima makini hazimpiti. Ya kwanza ni majimaji matamu yenye kunata yanayodondokea majani ya chini, ambayo ni mabaki ya chakula cha mdudu. Juu ya majimaji hayo huota ukungu mweusi kama masizi, unaozuia mwanga kulifikia jani na kupunguza uwezo wa mmea kujitengenezea chakula. Dalili ya pili ni misafara ya sisimizi wanaopanda na kushuka kwenye shina. Sisimizi hufuata utamu huo, na kwa kuulinda huwafukuza wadudu wanaowala vidung'ata. Kwa hiyo mkulima anayeona sisimizi wengi kwenye mpapai hana budi kugeuza majani na kuchunguza upande wa chini.

Si adui wa mpapai peke yake

Jina la mdudu huyu lisimpumbaze mkulima wa mboga. Pamoja na mpapai, hushambulia mimea mingi ikiwemo muhogo, nyanya, bilinganya, pilipili, maharage, viazi vitamu, mparachichi, michungwa na jamii yake, na mforosadi. Hujificha pia kwenye maua ya haibiskasi yanayopandwa kama uzio wa nyumba, kwenye mbono, na kwenye magugu kama gugu karoti. Mkulima anayesafisha mipapai yake na kuliacha ua wa shamba likiwa limejaa mdudu huyo atayaona mashambulizi yakirudi.

Kwa mlaji, ni vyema ieleweke kwamba kidung'ata hashambulii binadamu wala mifugo. Papai lililoguswa kidogo na mdudu huyu linaweza kuoshwa, kumenywa na kuliwa. Jambo la kuogopwa zaidi ni tunda lililopuliziwa sumu mara nyingi na kuvunwa kabla ya siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo ya kiuatilifu kwisha.

Kwa nini sumu hushindwa

Zipo sababu tatu. Sababu ya kwanza ni nta. Unga na nyuzi zinazomfunika mdudu na mayai yake huzuia matone ya dawa yasiufikie mwili, kama vile maji yanavyoteleza juu ya mshumaa. Dawa inayomuua mdudu papo hapo inapomgusa humwacha hai yule aliyejificha chini ya tabaka la nta au katikati ya matunda yaliyosongamana.

Sababu ya pili ni kwamba katika mti mmoja, kwa wakati mmoja, wapo wadudu wa kila umri. Dawa yaweza kuwaua watoto wanaotambaa ambao bado hawajafunikwa na nta ya kutosha, lakini mayai yaliyo ndani ya mifuko hubaki. Baada ya siku chache mayai hayo huanguliwa, na mkulima hujiona kana kwamba hakupulizia kabisa. Hapo ndipo wengi huongeza kipimo au kuchanganya dawa mbili bila ushauri, jambo ambalo ni hatari kwa afya zao, kwa walaji na kwa mazingira.

Sababu ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Sumu nyingi zinazotumika mashambani hazichagui. Huwaua pia nyigu wadogo, mbawakawa na wadudu wengine wanaowinda vidung'ata. Wengi wa wadudu hao rafiki hawana nta ya kuwakinga, hivyo hufa mapema kuliko adui mwenyewe. Adui aliyesalia hujikuta katika shamba lisilo na mpinzani, na idadi yake hupanda kuliko ilivyokuwa kabla ya kupulizia.

Chimbuko lake na funzo la nchi nyingine

Kidung'ata wa mpapai asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Wanasayansi walimwelezea rasmi kama spishi mpya mwaka 1992. Katika nchi za asili yake hajulikani kama tishio kubwa, kwa sababu yupo pamoja na maadui zake wa asili wanaomdhibiti. Aligeuka kuwa janga alipotoka huko bila maadui hao. Katikati ya miaka ya 1990 alienea katika visiwa vya Karibi, mwaka 1998 akaonekana Florida nchini Marekani, na mwaka 2002 akafika kisiwa cha Guam katika Bahari ya Pasifiki. Mwaka 2008 alibainika kusini mwa India, ambako aliharibu mipapai, mihogo na miforosadi inayolishwa viwavi wa hariri. Baadaye akaingia Afrika Magharibi kupitia Ghana na nchi jirani, kisha Afrika Mashariki.

Njia iliyoleta nafuu katika maeneo mengi ilikuwa kumrejeshea mdudu huyu adui zake. Watafiti walikwenda Meksiko wakatafuta nyigu wadogo wanaomtegemea yeye pekee kwa uzazi wao. Miongoni mwao ni Acerophagus papayae, ambaye urefu wake haufiki hata milimita 1. Nyigu huyu haumi watu wala hali mazao. Jike hutoboa mwili wa kidung'ata mchanga na kutaga yai ndani yake. Kiluwiluwi kinachoanguliwa humla kidung'ata kutokea ndani, na hatimaye nyigu mpya hutoka kupitia tundu la duara, akiacha ganda kavu lililovimba.

Matokeo yaliyorekodiwa ni ya kutia moyo. Huko Guam, idadi ya vidung'ata ilipungua kwa zaidi ya asilimia 99 katika muda wa takriban mwaka mmoja tangu nyigu walipoachiwa. India iliwaingiza nyigu hao mwaka 2010 kutoka Puerto Rico, wakazalishwa kwa wingi na kusambazwa kwa wakulima. Nchini Kenya, Acerophagus papayae aliletwa kutoka Ghana, akachunguzwa kwanza katika karantini, kisha akaachiwa katika mashamba ya kaunti za pwani.

Kwa wakulima wenye umri mkubwa, habari hii si ngeni. Miaka ya 1970 kidung'ata wa muhogo, ndugu wa huyu wa mpapai, aliingia Afrika kupitia eneo la Kongo na kuenea katika ukanda wa muhogo wa bara zima, Tanzania ikiwemo. Nyigu aitwaye Anagyrus lopezi alipatikana Paraguay na kuachiwa kwa mara ya kwanza nchini Nigeria mwaka 1981, kisha akasambazwa katika nchi nyingi. Kazi hiyo, iliyoongozwa na Dkt. Hans Rudolf Herren wa Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Tropiki iliyoko Ibadan, ilimpatia Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Muhogo uliokolewa bila kila mkulima kulazimika kununua pampu ya kupulizia.

Ikumbukwe kwamba kuingiza mdudu yeyote kutoka nje ya nchi, hata awe rafiki, ni kazi ya mamlaka husika. Ni lazima ithibitishwe kwanza kwamba mdudu huyo hatashambulia mazao, nyuki au viumbe wengine. Mwananchi hapaswi kuleta wadudu kutoka nchi jirani kwa nia ya kujisaidia. Hata hivyo nyigu hawa wana mabawa na hawatambui mpaka, na mara kadhaa wamekutwa katika maeneo ambayo hawakuachiwa na mtu. Kwa sababu hiyo, mkulima anaweza kuwa nao shambani bila kujua, na kila anapopulizia ovyo huua askari wake mwenyewe.

Mkulima afanye nini

Hatua ya kwanza ni ukaguzi. Mkulima apite shambani angalau mara moja kwa wiki, ageuze majani, atazame machipukizi na shingo za matunda, na afuate misafara ya sisimizi. Mdudu anayegunduliwa akiwa kwenye jani moja huondolewa kwa mkono. Akigunduliwa akiwa kwenye mti mzima, gharama huwa kubwa.

Hatua ya pili ni kuondoa sehemu zilizoathirika. Majani na matunda yaliyojaa mdudu yakatwe, yafungwe kwenye mfuko papo hapo ili watoto wasianguke njiani, kisha yachomwe au yafukiwe kwa kina. Yasitupwe pembezoni mwa shamba wala kwenye mto. Hata hivyo, kabla ya kuchoma, mkulima atazame kama kuna maganda makavu yaliyovimba na yenye tundu dogo la duara. Maganda hayo ni ushahidi kwamba nyigu rafiki wapo. Katika hali hiyo asiharibu kila kitu wala asipulizie sumu, bali awasiliane na afisa ugani kwa ushauri.

Hatua ya tatu ni kutumia maji. Mashambulizi madogo yanaweza kupunguzwa kwa kuosha majani na matunda kwa maji yenye msukumo, au kwa maji yaliyochanganywa na sabuni kidogo isiyo kali. Kwa kuwa majani ya mpapai huungua kwa urahisi, mchanganyiko wowote ujaribiwe kwanza kwenye majani machache, na kazi ifanyike asubuhi au jioni jua likiwa si kali.

Hatua ya nne ni kuwazuia sisimizi. Mkulima anaweza kufunga ukanda wa plastiki kuzunguka shina na kuupaka grisi juu yake, ili sisimizi wasipande. Grisi isipakwe moja kwa moja kwenye gamba la mpapai. Sisimizi wakikosekana, wadudu rafiki hupata nafasi ya kufanya kazi yao.

Hatua ya tano ni usafi wa shamba na mazingira yake. Magugu yanayomhifadhi mdudu yang'olewe, ua wa haibiskasi ukaguliwe na kupunguzwa matawi yaliyoathirika, na mipapai iliyozeeka isiyozaa iondolewe. Zana na nguo zilizotumika katika shamba lenye mdudu zisafishwe kabla ya kuingia katika shamba jingine.

Mkulima awe mwangalifu pia asiwaue marafiki kwa kuwadhania maadui. Viluwiluwi vya baadhi ya mbawakawa wanaokula vidung'ata navyo vimefunikwa na nta nyeupe, na kwa mtazamo wa haraka hufanana na kidung'ata. Tofauti ni kwamba kiluwiluwi cha mbawakawa ni kikubwa zaidi, kina manyoya marefu ya nta, na hutembea kwa kasi kikiwinda, ilhali kidung'ata aliyekomaa hutulia mahali pamoja akifyonza.

Pale ambapo hatua hizi hazikutosha na kiuatilifu kikahitajika, kitumike kilichosajiliwa na kilichoshauriwa na mtaalamu, kipuliziwe kwenye miti iliyoathirika pekee, kwa kipimo kilicho kwenye lebo na kwa kuvaa vifaa vya kujikinga. Siku za kusubiri kabla ya kuvuna ziheshimiwe bila kupunguzwa hata moja.

Wajibu wa wasafirishaji na wauza miche

Jike la kidung'ata haliruki. Safari zake ndefu, kutoka mkoa hadi mkoa na nchi hadi nchi, husaidiwa na binadamu. Mche mmoja uliobebwa kwenye pikipiki au sanduku la mapapai lililopakiwa bila kukaguliwa latosha kuanzisha mashambulizi katika wilaya ambayo haikuwa na tatizo. Muuza miche akague kitalu chake na asiuze mche wenye utando mweupe, hata kama mnunuzi amekubali punguzo la bei. Msafirishaji asipakie matunda yaliyofunikwa na mdudu, na asafishe masanduku kabla ya kuyarudisha shambani.

Usimamizi wa afya ya mimea Tanzania Bara uko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), iliyoanzishwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea Na. 4 ya mwaka 2020 na yenye makao makuu jijini Arusha. Mamlaka hiyo husimamia karantini ya mimea na usajili wa viuatilifu. Mwananchi anayeingiza miche, mbegu au matunda kutoka nje ya nchi anapaswa kupita kwa wakaguzi wa mimea mpakani, bandarini au uwanja wa ndege. Ukaguzi huo wakati mwingine huonekana kama usumbufu kwa msafiri mwenye mche mmoja mkononi, lakini historia ya mdudu huyu inaonyesha kwamba mlango mdogo ndio uliompitisha.

Taarifa ya mapema ndiyo kinga

Mkulima anayeona dalili zilizoelezwa hapo juu atoe taarifa kwa afisa ugani wa kata au kijiji chake, na asisubiri hadi jirani naye aathirike. Inapowezekana apige picha ya karibu ya mdudu na ya mmea, na aeleze tarehe aliyomwona mara ya kwanza pamoja na mahali ulikotoka mche. Utambuzi wa mwisho hufanywa na wataalamu maabara, kwa kuwa zipo aina nyingi za vidung'ata zinazofanana machoni na zinazohitaji maadui tofauti wa asili. Nyigu wa kidung'ata mmoja huenda asimguse mwingine. Ndiyo sababu kukosea jina la mdudu ni kukosea tiba yake.

Udhibiti wa mdudu huyu pia si kazi ya mtu mmoja. Shamba lililosafishwa katikati ya mashamba yaliyotelekezwa huvamiwa upya, na nyigu waliokuzwa upande mmoja huuawa na sumu ya upande wa pili. Wakulima wa kijiji kimoja wanapokubaliana siku ya ukaguzi, wakapunguza upuliziaji kwa pamoja na kufuata ushauri mmoja wa kitaalamu, huwapa wadudu rafiki muda wa kuongezeka. Matokeo yake hayaonekani kesho yake kama yanavyotarajiwa kwa sumu, bali huja hatua kwa hatua katika misimu inayofuata. Wananchi wanahimizwa kukagua mimea yao, kutoa taarifa mapema na kushauriana na maafisa ugani kabla ya kutumia kiuatilifu chochote.